Bahati iliyosomeka kinyume

KAZI ZA MIKONO

Wahenga waliposema kuwa majuto ni mjukuu, mwisho huja kinyume, sidhani kama walikuwa wakifikiria sinia la shaba. Lakini mimi, mjukuu wa bibi mmoja wa Msambweni, niliyaona majuto yakinijia kinyume kwa macho yangu mawili, herufi baada ya herufi.

Kisa chenyewe ni hiki. Bibi yetu mzaa baba alipofariki aliacha vitu vichache: sanduku la mbao, leso zake, na sinia moja la mviringo la shaba ya njano ambalo yeye mwenyewe alilirithi kwa mama mkwe wake. Kila mjukuu wa kike alipoolewa, bibi alilitoa sinia hilo sandukuni, akalisugua kwa ndimu na majivu mpaka likang'aa, akapanga juu yake vikombe vya kahawa na visahani vya halua, kisha akalibeba mwenyewe hadi alipo bi harusi.

"Mwanangu, nimekuletea bahati," ndivyo alivyokuwa akisema. Nami aliniambia vivyo hivyo siku yangu ilipofika.

Ikafika zamu ya binamu yetu wa mwisho, na bibi hayupo. Shangazi akaita kikao cha jamaa, tukakubaliana kwamba sinia litiwe nakshi ili neno la bibi lisipotee. Katikati liandikwe BAHATI, na ukingoni lizungushwe pindo la leso aliyoipenda kuliko zote. Kazi ya kuutayarisha mchoro nikatwikwa mimi, eti kwa kuwa ndiye mtu wa magazeti na kompyuta.

Msomaji mpenzi, usimpe kazi ya fundi mtu wa magazeti.

Niliipiga picha leso kwa simu, nikaisafisha picha hiyo kwenye kompyuta, nikachagua herufi nzuri nene, kisha nikaenda saiba moja pale Ukunda nikatoa karatasi. Nikampelekea fundi, kijana mwenye kibanda chake kando ya barabara iendayo ufuoni Diani, ambaye huchonga majina kwenye pete, vikombe vya mashindano na vitasa. Ilikuwa Jumapili. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata.

Fundi aliihamisha michoro yangu kwenye shaba kwa ustadi. Akainama, akaanza kuifuata mistari. Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka akijipepea. Baada ya muda akainua kichwa, akatazama sinia, akauliza kwa sauti ya upole:

"Fundi, ITAHA ni nini?"

HERUFI ZISIZOGEUKA

Chukua kalamu uandike neno BAHATI kwa herufi kubwa, kisha ulisogeze mbele ya kioo. Utaona kwamba A, H, T na I hazibadiliki hata kidogo. Zina sura moja kulia na kushoto. Inayogeuka ni B peke yake. Kwa hivyo neno hilo likipinduliwa huanza na I, likafuatia T, kisha A, H na A, na mwisho kabisa huja B iliyoupa ulimwengu kisogo.

Fundi wetu alianzia kushoto. Herufi tano za kwanza zilikuwa sawa kabisa, kila moja peke yake. Zaidi ya hayo, mtia nakshi hulizungusha sinia kila mara ili mkono wake upate nafasi. Mara neno limelala ubavu, mara limesimama kwa kichwa. Yeye huona mstari. Halioni neno.

Shangazi naye alifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. B zinazotazama nyuma amezisahihisha maisha yake yote.

"Mwalimu, karatasi ndiyo iliyosema hivyo," fundi akajitetea.

"Karatasi haisemi, mwanangu. Husemeshwa," shangazi akajibu, na macho yake hayakumwendea fundi. Yalinijia mimi.

Na alikuwa na haki. Kosa lilikuwa langu. Nilimpelekea fundi karatasi inayosomeka vizuri, na karatasi inayosomeka vizuri ndiyo hasa iliyotuponza. Kwa nini? Hilo ndilo somo letu la leo, na litamfaa kila mwenye sinia la bibi, mwenye kibanda cha kuchonga majina, na mwanafunzi wa bweni aliyechoka kuibiwa sahani.

KWA NINI MCHORO UHAMISHWE?

Mchonga mbao ana nafuu. Mbao hushika penseli, na akikosea hufuta au hupiga msasa. Shaba, fedha na aluminiamu hazina huruma hiyo. Penseli huteleza juu yake kama mguu kwenye mwani, na uso wa chuma unang'aa hata jicho halijui litazame wapi. Kalamu ya chuma ya mtia nakshi ikishapita, imeondoa uzi mwembamba wa chuma, na uzi huo haurudi.

Masonara wa zamani wa pwani yetu walikuwa na mchoro vichwani mwao. Walikaa miaka mingi kwa mwalimu, wakafua bangili na mitali kwa fedha ya riale, zile sarafu za Maria Theresa wa Austria zenye mwaka wa 1780, ambazo zilizagaa katika biashara ya Bahari ya Hindi na kuishia nyingi katika vyungu vya kuyeyushia. Ukienda Makumbusho ya Lamu ukaitazama siwa ya shaba, utaona kwamba mkono uliozoea hauhitaji karatasi.

Lakini kijana wa leo hana miaka kumi ya kukaa miguuni mwa mwalimu. Yeye huanza kwa kuhamisha mchoro kutoka kwenye karatasi hadi kwenye chuma. Je, huko ni kudanganya? La, hasha. Mshona kofia za viua hatii sindano kabla ya nakshi kuchorwa kwenye kitambaa, na mshoni wa nguo haanzi kukata kabla ya kutia chokaa. Mchoro uliohamishwa hukuonyesha mahali pa kupita tu. Kina cha mstari, unene wake na uhai wake ni kazi ya mkono.

KWANZA USAFI

Mafundi wengi wanaolalamika kuwa mchoro umekataa kushika huwa hawakuosha. Kidole cha binadamu kina mafuta, na mafuta ni adui.

Osha chuma kwa sabuni na maji, suuza, kausha kwa kitambaa safi, kisha pangusa kwa spiriti. Baada ya hapo kishike ukingoni tu, kama unavyoshika picha. Ikiwa kinang'aa mno, kipitishie msasa laini sana kwa upande mmoja ili kife mng'ao.

Mafundi wengine hupaka rangi nyeupe, ile ya maji inayotumiwa na watoto shuleni, safu nyembamba kama ukungu. Ikikauka, chuma huwa kama karatasi. Unaweza hata kuchora kwa penseli moja kwa moja.

Na hapa watu wa Kwale wana hadithi yao. Weupe wa rangi nyingi za siku hizi hutokana na madini ya titani, ambayo husagwa na kutakaswa mpaka yakawa unga mweupe pepepe. Unga huo huingia kwenye rangi za nyumba, plastiki, karatasi, hata dawa ya meno. Kwa takriban miaka kumi mchanga wa titani ulichimbwa hapa hapa Kwale na kupakiwa melini Likoni. Shehena ya kwanza iliondoka mwaka wa 2014, na uchimbaji ukafikia kikomo mwishoni mwa mwaka wa 2024. Mchanga wetu ulikwenda ng'ambo mweusi na mwekundu, na bidhaa za namna hiyo hurudi madukani nyeupe ndani ya kopo. Anayepaka rangi hiyo juu ya shaba ili auone mstari wake afahamu kwamba si kitu kigeni kama anavyodhani.

NJIA YA KABONI

Hii ndiyo njia kongwe na rahisi, na vifaa vyake vinapatikana katika duka lolote la vitabu. Unahitaji karatasi ya kaboni, ile ya kuandikia risiti, selotepu, na kalamu ya wino wa kawaida yenye ncha ngumu.

Weka kaboni juu ya chuma, upande mweusi ukitazama chini. Juu yake weka mchoro wako, ukikutazama wewe. Bana vyote viwili kwa selotepu visisogee. Kisha fuata kila mstari kwa kalamu, ukikandamiza bila kutoboa. Usifunue yote kwa pamoja. Inua pembe moja uchungulie. Ikiwa kuna mstari uliousahau, shusha karatasi uurudie, kwani ukishabandua selotepu huwezi tena kuirudisha mahali pake.

Zingatia jambo moja: kwa njia hii mchoro hautageuka. Ulivyo juu ya karatasi ndivyo utakavyokuwa juu ya chuma. Kinachosomeka vizuri kitasomeka vizuri.

Udhaifu wake ni kwamba kaboni hufutika kwa jasho la kiganja, na mstari wake ni mnene. Kwa jina juu ya sahani ya bweni inatosha. Kwa pindo la leso lenye vikorosho vidogo vidogo, haitoshi. Ndiyo maana fundi wetu alichagua njia ya pili.

NJIA YA WINO WA UNGA

Mashine za kutolea kopi na printa za leza hazitumii wino wa maji. Hutumia unga mweusi uitwao tona, ambao ndani yake mna plastiki. Mashine huunyunyiza unga huo kwenye karatasi na kuuyeyusha kwa joto ili ugande. Basi kilichogandishwa kwa kuyeyushwa kinaweza kuyeyushwa tena na kuhamia kwingine. Siri yote ya njia hii iko hapo.

Hivyo basi, hakikisha karatasi yako imetoka kwenye kopi au printa ya leza. Lowesha kidole uguse herufi moja ya pembeni. Ikitandazika, huo ni wino wa maji, na hautahama hata ukiubembeleza. Karatasi iwe imetolewa karibuni, na giza la wino liwekwe juu kabisa.

Weka karatasi juu ya chuma kilichosafishwa, upande wenye mchoro ukitazama chini, uibane kwa selotepu upande mmoja kama bawaba ya mlango. Chukua pamba, itie asetoni kidogo, uikamue, kisha upitishe juu ya mgongo wa karatasi mpaka mistari ionekane kwa ndani. Usiimwagie. Asetoni ikizidi, unga huelea na mchoro wako huwa kama kope zilizolia wanja. Papo hapo kandamiza kwa mgongo wa kijiko, ukienda na kurudi, mpaka karatasi ianze kukauka. Subiri kidogo. Inua pembe, chungulia, kisha funua taratibu.

Akina dada wanaijua asetoni kwa harufu yake, maana ndiyo iliyo katika dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Lakini soma maandishi kwenye chupa, kwani siku hizi nyingine hutengenezwa bila asetoni na hazitafaa. Tena nakuonya: kitu hicho hushika moto upesi kuliko mafuta ya taa, na mvuke wake huumiza kichwa. Fanya kazi uani au karibu na dirisha lililo wazi, mbali na jiko, mbali na sigara, na mbali na watoto. Usikitie katika bakuli la plastiki, litaharibika.

Wengine hutumia pasi ya nguo badala ya asetoni. Hukipasha chuma moto, hukandamiza karatasi, kisha huacha vipoe vyote pamoja. Inafaa kwa bamba tupu. Lakini usiipeleke kwenye pete yenye jiwe au chombo kilichoungwa kwa risasi, utalia.

MUHURI NA KIOO

Sasa tumelifikia kosa langu. Angalia tena nilivyoeleza. Katika njia ya kaboni mchoro hukutazama wewe. Katika njia ya wino wa unga mchoro hukitazama chuma. Karatasi imelala kifudifudi. Kilichokuwa kushoto kimehamia kulia.

Ni sawa na muhuri wa chifu. Ukiutazama muhuri wenyewe, maandishi yake yamegeuka, na ndiyo maana ukigongwa kwenye barua husomeka sawasawa. Kwa hivyo, kwa njia hii, karatasi yako sharti isomeke kinyume ili chuma kisomeke sawa. Kwenye kompyuta kuna amri ya kuigeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo. Mimi sikuitumia, wala sikumwambia mwenye saiba anisaidie. Nilifurahi kwamba BAHATI yangu ilisomeka vizuri, nikalipa, nikaondoka.

Kwa pindo la leso hakuna aliyegundua, maana maua na vikorosho vikigeuka bado ni maua na vikorosho. Hiyo ndiyo hatari ya kosa hili. Hujificha katika kila kitu chenye sura moja pande zote mbili, kisha hujitokeza pale kwenye B. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa maandishi ya Kiarabu, ambayo husomwa kutoka kulia na ambayo mafundi wengi wa leo huyafuata kama picha bila kuyasoma. Ikiwa ni jina la Mwenyezi Mungu au aya, tafuta mwenye kuisoma aikague kabla ya chuma kuguswa.

Ukitaka kujifariji, jua kwamba kugeuka kwa herufi kumewahi kuzungumzwa hata kwa wakubwa. Albrecht Dürer wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka wa 1471, alikuwa mwana wa sonara, na huhesabiwa miongoni mwa mafundi hodari kabisa waliowahi kukata mistari kwenye bamba la shaba. Yeye alikata bamba ili lichapishe karatasi, kwa hivyo ilimbidi kila mara aandike kinyume kama mwenye muhuri. Katika mchoro wake wa mchawi aliyempanda mbuzi akitazama nyuma, wa mwaka wa 1500 hivi, herufi D ya alama yake imetokea kinyume. Wataalamu wengi husema alikusudia, kwa kuwa kila kitu katika mchoro huo kimepinduka. Mimi sikuwa na mbuzi wala mchawi wa kusingizia.

HESABU YA PINDO

Wanafunzi, msikimbie. Pindo la leso ni mstari ulionyooka, na ukingo wa sinia ni duara. Ukikata tu na kubandika, utafika mwisho na kukuta ua moja limekatika kiuno.

Duara la pindo letu lilikuwa na kipenyo cha sentimita 36. Zidisha kwa 3.14, upate mzunguko wa sentimita 113. Ua moja la leso, kutoka mwanzo wake hadi mwanzo wa linalofuata, lilikuwa na sentimita 12. Gawanya 113 kwa 12, upate maua tisa na kipande. Kipande hicho ndicho kisichotakiwa. Basi tukashika maua tisa kamili, kila moja likapata sentimita 12 na nusu na ushei kidogo. Mashine ya kopi ikaambiwa ikuze mchoro hadi asilimia 105, na mambo yakakaa.

Kisha gawanya nyuzi 360 kwa tisa, upate 40. Kwa kipimapembe cha shuleni weka alama tisa ukingoni, na ubandike ua moja moja mahali pake. Ukijaribu kulikunja pindo zima kwa mkupuo litafanya makunyanzi kama mkeka uliolowa.

KWARUZA KABLA YA KUKATA

Nadhani umekwisha jiuliza: herufi tano zimeshakatwa kwenye sinia la bibi, sasa itakuwaje?

Hapa ndipo fundi alipotuokoa. Hakuwa amekata. Alikuwa amekwaruza tu. Sonara mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyemfundisha kazi, alimwachia desturi moja: ukishahamisha mchoro, usikimbilie kalamu ya kukatia. Chukua ncha nyembamba ya chuma, ufuate mistari yote kwa wepesi, kama paka anayejaribu kucha zake. Kisha osha wino wote. Lisimamishe sinia ukutani, urudi nyuma hatua tatu, ulitazame. Ikiwezekana mwite mtu asiyeujua mchoro huo akusomee kilichoandikwa. Baada ya hapo ndipo ukate.

Wino wa unga unaweza kubanduka ukiwa katikati ya kazi, lakini mkwaruzo haubanduki. Na mkwaruzo ukiwa na kosa, bado kuna dawa. Fundi alichukua kisu butu cha kukwangua, akaziondoa kingo za mistari ile. Akafuata na msasa laini, kisha chuma cha mviringo kilichong'arishwa, akasugua na kusugua huku akitia tone la mafuta, mpaka shaba ikajaza vijia vile. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko kuandika kwenyewe. Laiti angekuwa amekata, ingebidi shaba ikwanguliwe mpaka ibaki shimo, au neno lifichwe chini ya ua.

Jumatatu nilirudi saiba. Safari hii nilitoka na karatasi isiyosomeka, na kijana wa pale akanitazama kwa huruma. Nilipofika kibandani, shangazi aliinua karatasi hiyo juu, akaipindua, akaitazama kwa nyuma dhidi ya jua. BAHATI. Akaitikia kwa kichwa, akaketi.

Fundi alilibana sinia juu ya ubao kwa lami ili lisitetemeke, maana shaba yenyewe ni nyembamba. Akakata, mkono wa kushoto ukiwa nyuma ya ncha siku zote, kamwe si mbele yake, kwani kalamu ile ikiteleza haiulizi nyama ya nani. Vijiuzi vya shaba vikamdondokea mapajani. Alhamisi jioni kazi ilikuwa imekamilika.

MWENYE KUJIFUNZA ANZIE HAPA

Ukitaka kujaribu nyumbani, usianze na kitu cha thamani. Chukua kifuniko kikuukuu cha sufuria ya aluminiamu. Andika neno lenye herufi zinazogeuka, kama JEMBE au KARIBU, ulihamishe kwa njia zote mbili. Ukishaona kwa macho yako ni ipi inayogeuza na ipi isiyogeuza, hutasahau tena. Mwanafunzi wa bweni ahamishe jina lake kwa kaboni, alikwaruze kwa ncha ya chuma, na sahani yake itamrudia.

Na wewe mzazi unayempelekea fundi kazi, usimwachie karatasi na kuondoka. Mwambie kitakachoandikwa kwa mdomo wako, umwandikie pia kwa mkono wako pembeni ya karatasi. Fundi mwenye mikono mizuri anastahili kuambiwa neno lenyewe, si kupewa mistari tu. Sisi tulimpa fundi wetu mistari tu, na kidogo tumponze.

Jumamosi ikafika. Shangazi alilisugua sinia kwa ndimu na majivu, akapanga vikombe na visahani vya halua, akalibeba mwenyewe. Alipofika kwa bi harusi alisimama kidogo, kwa maana sauti iligoma. Kisha akasema, "Mwanangu, nimekuletea bahati," na binamu yangu akalia kabla ya kunywa kahawa.

Baadaye, vikombe vilipokwisha kuondolewa, nililiinamisha sinia dirishani. Mwanga ukija kwa ubavu, chini ya neno BAHATI unaonekana uvuli mwembamba wa herufi tano za kwanza, kama alama ya maji kwenye noti. Shangazi alinikuta nikitazama.

"Liache," akaniambia. "Wajukuu wako wakiuliza, utakuwa na la kuwahadithia."

Basi nimeanza na ninyi. Hadi Jumapili ijayo, soma kabla ya kukata.